Faili Ilijua, Mimi Sikuambiwa

Nawasalimu, walezi wenzangu, kwa jina la Mungu aliyenivumilia. Hapa Ruiru wengi hamnijui. Mimi ni fundi wa nguo, nashona yunifomu kule Kiganjo, Thika. Leo nitasema jambo la kuniaibisha, halafu niseme la kuwaaibisha wengine. Majina sitaji.

Mwaka juzi nilipewa mtoto wa kulea, msichana wa miaka minne. Alikuwa amekaa miezi minane katika makao ya watoto. Afisa wa idara ya watoto alinikabidhi karatasi zake: uzito, chanjo zote, dawa ya minyoo, hata meno yalikuwa yamehesabiwa. Kuhusu mamake kulikuwa na maneno mawili tu: mama marehemu. Nikasema haya, mtoto ni mzima, nikaweka sahihi.

Siku hiyo hiyo nikawasha gesi nipike chai. Ai! Mtoto alipiga nduru, akaingia chini ya kitanda, akajikojolea. Kesho yake vile vile. Kesho kutwa vile vile. Nikimvuta atoke, ananiuma. Chekechea walikaa naye wiki mbili wakamrudisha, maana jiko la kuni la shule lilikuwa karibu na darasa lake na alikuwa hakai ndani. Mwalimu akaniambia, "Huyu ni mkaidi." Jirani mmoja akasema ana pepo.

Na mimi nilimchapa. Nilimchapa kwa mwiko, mtoto wa miaka minne, na si mara moja. Msinionee huruma hapo.

Mwezi wa tatu wa kukaa naye nikampeleka ofisini kwa yule afisa. "Chukueni mtoto wenu," nikasema, naye amesimama hapo anasikia. Afisa akajibu hakuna nafasi, nirudi Ijumaa.

Mkono ulikuwa umevimba pale aliponiuma, kwa hivyo nikapitia kliniki. Nesi, mama mtu mzima, alikuwa ananiosha kidonda huku akimwangalia mtoto.

"Huyu huanza kulia wakati gani?"

"Asubuhi na jioni."

"Wewe ukiwa unafanya nini?"

"Napika." Halafu nikajisikia nikisema, "Nikiwasha gesi."

Akaweka pamba chini. "Mamake alikufa na nini?"

"Haijaandikwa."

"Hebu mpigie afisa. Weka sauti nisikie."

Nikapiga. Afisa akasema mara moja, kama mtu anayetaja bei ya nyanya: "Nyumba iliungua kule mtaa wa Kiandutu. Majirani walimtoa mtoto, mama akabaki ndani. Iko kwa faili ya kwanza."

"Mbona hukuniambia?"

"Mama, hukuuliza."

Ndugu zangu, nawaambia, sijawahi kukasirika hivyo. Hukuuliza! Mlihesabu meno ya mtoto, mkakosa kuhesabu alichokiona? Amepita hospitali, amepita makao, amepita ofisi, watu wazima wote hao wamesoma, wana mihuri, na hakuna aliyechukua nusu saa kuuliza huyu mtoto anaogopa nini. Kisha mnamleta kwangu, kila siku nimwashie moto mbele ya macho! Na akilia, anaitwa mkaidi. Na mimi namchapa!

Nesi alitutuma kwa mshauri wa watoto. Huyo alikuwa na karatasi ya maswali, ukurasa mmoja: analalaje, anakulaje, anashtushwa na nini. Ukurasa mmoja! Tulienda kila wiki, anacheza na udongo na wanasesere, mimi nafundishwa kumweleza kabla sijafanya kitu. Nyumbani nilimpigia magoti nikamwomba msamaha. Akageuka akanipa mgongo. Alikuwa na haki.

Ilichukua miezi. Siku moja nikiwa jikoni nikamwona amesimama mlangoni.

"Cucu," akaniita, kama mtu anavyomwita nyanya yake, "umezima?"

"Nimezima."

"Kabisa?"

"Kuja uone."

Akaja polepole, akashika kitambaa changu cha kiunoni, akachungulia. Kisha akaomba chapati. Nililia, siwafichi.

Bado kuna siku mbaya. Lakini anaenda shule.

Namshukuru yule nesi. Namshukuru jirani mwingine, aliyetupikia kwake wiki tatu nzima ili nisiwashe gesi, bila kunung'unika. Namshukuru mtoto aliyekubali kuishi na mimi baada ya yale.

Ninyi mnaongoja kupewa watoto, msiweke sahihi kabla ya kuuliza: ameona nini, na nani amempima moyo? Wakisema hawajui, kaeni hapo hapo kwenye benchi mpaka wajue. Mimi Jumatatu naenda ofisini kwao na ile karatasi ya maswali, niwaambie kila mtoto aulizwe wiki ya kwanza anapopokelewa. Anayetaka kuandamana nami, tukutane hapo nje sasa hivi.