Faili Halifunguliwi Kabla ya Salamu: Bi. Tabia Mwinyijuma Anatuaga

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Bi. Tabia Mwinyijuma atakabidhi muhuri wa Baraza la Kata na kustaafu akiwa ametimiza miaka sitini. Amekuwa Katibu wa Baraza kwa miaka ishirini na saba na miezi minne. Barua yake ya uteuzi, ambayo bado ipo kwenye faili, inasema atakaimu nafasi hiyo kwa miezi mitatu. Hakuna aliyewahi kumwandikia kwamba miezi hiyo imekwisha, na yeye hakuuliza.

Bi. Tabia alizaliwa Mkange, akaanza kazi kama karani wa masjala kabla ya kuletwa katani kwetu. Tangu hapo amefanya kazi na wenyeviti watano na wajumbe wengi kuliko tulivyoweza kuhesabu. Kila mwenyekiti alipoteuliwa alikuja na utaratibu wake, na baada ya mwezi mmoja alijikuta anafuata wa Bi. Tabia. Ofisi ilipoletewa kompyuta, aliandika barua ya shukrani ya kurasa mbili, kwa mkono, kisha akaifunika kompyuta kwa kitambaa alichokidarizi mwenyewe. Kitambaa ni kizuri sana. Kuhusu kompyuta hatuna la kusema.

Utaratibu wake mkubwa unajulikana kuanzia Dunda mpaka Kerege: watu wenye shauri hawafunguliwi faili mpaka wasalimiane. Si kupungiana mkono, ni salamu kamili, pamoja na habari za nyumbani. Mimi nilipokuja kujitolea hapa baada ya kumaliza kidato cha nne, nilimwamkia kwa sauti ndogo nikapita haraka. Aliniita, akanirudisha mlangoni nianze upya. Nilirudi mara tatu. Sasa namshukuru, ingawa siku ile sikushukuru.

Mwenyekiti wetu wa sasa, Mzee Abdullatif, aliwahi kumletea kitabu cha sheria kumwonyesha kwamba jambo hilo halimo. Bi. Tabia alikisoma chote kwa siku mbili, akakirudisha akisema ni kweli halimo, lakini hata kukatazwa halijakatazwa.

Utaratibu huo ndio uliotaka kumharibia mwisho wa kazi yake. Miaka minne iliyopita lilifunguliwa shauri la Mzee Himid na mdogo wake, Bi. Hajra. Mama yao alimwachia Himid shamba, akamwachia Hajra minazi iliyomo. Nazi moja ya Hajra ilianguka, ikaota yenyewe kwenye ardhi ya Himid, ikawa mnazi, na mnazi ukazaa. Wa nani? Mzee Himid alisema umekula ardhi yake. Bi. Hajra alisema ni mtoto wa mnazi wake. Wakaacha kusemeshana.

Barazani Mzee Himid alikuwa anatazama dari akisubiri shikamoo yake, maana yeye ndiye mkubwa. Bi. Hajra alitazama dirishani, akisema aliyekosa ndiye aanze. Faili halikufunguliwa. Muhtasari wa vikao kumi na kimoja una sentensi ileile: "Wadaawa hawakusalimiana. Shauri limeahirishwa."

Mwezi huu jambo likawa zito. Katibu mpya hajateuliwa, na wajumbe walishaamua kwamba Bi. Tabia akiondoka bila suluhu, shauri litapelekwa wilayani. Huko kaka na dada wangesimama mbele ya watu wasiowajua. Katika mashauri yake yote, hili pekee ndilo lingebaki wazi. Hakulisema, lakini wiki nzima kabla ya kikao chai yake ilipoa mezani kila siku.

Jumatano iliyopita, siku ya kikao cha kumi na mbili, Bi. Tabia aliingia, akaketi, akafungua faili, akaanza kusoma. Hakumwamkia mtu yeyote. Wajumbe walitazamana. Kalamu yangu ilisimama.

Mzee Himid akateremsha macho kutoka darini. "Bi. Tabia, leo hata shikamoo yangu sijaipata?"

"Zimeniishia, Mzee Himid," alijibu bila kuinua uso. "Nimezigawa miaka minne hapa, sikuona aliyezipokea."

Bi. Hajra akageuka kutoka dirishani. "Umeona sasa? Kiburi chako kimemkausha mtoto wa watu!" Kisha akavuta mtandio wake. "Haya. Shikamoo, kaka."

"Marahaba," alisema Mzee Himid. "Hujambo? Watoto? Na yule mjukuu mwenye pumu, anapumua vizuri siku hizi?"

Salamu zilichukua dakika arobaini. Shauri lilichukua sita. Bi. Hajra atachukua nazi, Mzee Himid atachukua makuti ya kuezekea banda lake. Mnazi wenyewe ni wa nani, hakuna aliyekumbuka kuuliza.

Wajumbe wanaamini Bi. Tabia alikusudia. Yeye anasema alisahau tu, kwa sababu ya uzee. Tunaheshimu maelezo yake, ila tunaona ajabu kwamba uzee huo ulimjia saa nne asubuhi na kuondoka saa tano.

Bi. Tabia, tunakushukuru kwa kutuvumilia, na kwa kuturudisha mlangoni. Mungu akupe afya, na mapumziko marefu kuliko ile miezi mitatu. Ukutane na watu wasio na haraka. Muhtasari wa Jumatano nimeunakili mwenyewe, na ulipousoma uliomba sentensi moja tu ipigiwe mstari chini yake. Nimeipigia: "Wadaawa wamesalimiana. Faili limefungwa."

Lulu Bwanausi
Anayejitolea, Ofisi ya Kata