Kidude cha Mwisho cha Orville Mikkelsen

Bi Verna Mikkelsen alikuwa jikoni mwa kanisa hili, Jumapili tarehe 10 Machi 2019, akikata kringle, keki za Kidenmaki, za chai ya baada ya ibada, daktari alipopiga simu kusema Orville amefariki. Aliweka kisu chini, akasema, "Haya, sasa wafurahi." Mchungaji alidhani amechanganyikiwa. Hakuchanganyikiwa. Alikuwa na hasira, na sababu yake inasomwa leo mbele ya wote.

Orville alizaliwa tarehe 14 Februari 1946 hapa Racine, Wisconsin, mtoto wa pili wa Bwana Holger na Bi Astrid Mikkelsen. Alimaliza sekondari mwaka 1964. Huko shuleni mwalimu wa useremala alimwagiza achonge bata. Akachonga bata mwenye magurudumu na bomba la moshi.

"Bata gani huyu?"

"Bata mwenye haraka, Mwalimu."

Alipata alama ya chini. Bata bado yuko dirishani kwa Bi Verna.

Mpaka alipostaafu alikuwa fundi wa kuchonga mifano ya mbao katika kiwanda cha kuyeyusha vyuma, kazi isiyovumilia kosa la unywele. Jioni, bandani mwake, alibuni mabodi ya magari madogo ya umeme, ya kutosha kiganjani, yale yanayokimbizwa kwenye njia yenye mifereji. Alichonga umbo kwa mbao, akalivika plastiki angavu iliyolainishwa kwa moto, kisha akaipaka rangi kwa ndani, jina na namba akiziandika kinyume ili zisomeke kwa nje. Mabodi yake hayakufanana na gari lolote la barabarani. Moja lilikuwa na mapezi ya papa, jingine uso wa nzige. Wenye mchezo huliita umbo la namna hiyo kidude.

Tarehe 7 Juni 1969 alimwoa Verna Dahlke. Juu ya keki ya harusi aliweka kidude badala ya sanamu za maharusi, na mama mkwe hakusema naye mpaka Krismasi.

Klabu ya mchezo huo aliisaidia kuanza, na njia yake aliijenga kwa mikono yake. Klabu hiyohiyo baadaye ilipitisha sheria kwamba magari yenye sura halisi tu ndiyo yatakimbia.

Mwaka 2017 aliugua mapafu. Akijua haponi, alichonga kidude chake cha mwisho, Kambale, chenye sharubu mbele na mkia uliopinda. Vuli iliyopita alikipeleka klabuni, akaomba kizunguke mara moja tu, akione.

"Hilo si gari, mzee," alisema mwenyekiti, Bwana Wendell Stroud. "Ni samaki aliyekanyagwa na lori."

"Mpe njia, uone kama amekufa."

Walicheka sana. Kisha wakakataa. Orville alirudi nyumbani na Kambale mapajani, wala hakulalamika. Bi Verna alilalamika, na bado analalamika, kwa Mungu na kwa watu, na baadhi yao wameketi hapa.

Ameacha mjane, Bi Verna. Binti yake Marlys na mkwewe Gene. Wajukuu Soren na Tilda. Na dada yake, Bi Inger wa Kenosha. Familia inamwomba Bwana moyo wa kusamehe. Mpaka asubuhi hii hajatupatia.

Jana, wakati wa kuaga mwili, Bwana Stroud alileta kidude kipya chenye jina la Orville.

"Tutakikimbiza kesho kwa heshima yake, shemeji."

Bi Verna alikigeuza mkononi. Jina lilikuwa limepakwa kwa ndani bila kupinduliwa, na kwa nje lilisomeka kinyume. Waliozoea kupaka magari yao kwa nje walikuwa wamesahau.

"Aliwaomba akiwa na macho ya kuona, Wendell," alisema. "Na leo hata jina lake mmelikosea."

Alimrudishia. Akamwekea mumewe Kambale mikononi, akambusu kipajini, na jeneza likafungwa.

Pumzika, Orville. Hasira tuachie sisi.