Nizikeni Kando ya Walburga

Vuteni viti mpaka hapa kitandani, Lore na Anselm, maana sauti iliyobaki ni ya safari moja. Mimi baba yenu, Julius Marxheimer, niliyetetea watu mahakamani hapa Frankfurt, leo najitetea mwenyewe mbele yenu.

Nawasikia mnavyonong'onezana jikoni. Wewe Anselm umetoka Haifa kuja kudai nizikwe makaburi ya Kiyahudi. Wewe Lore, unayesali kanisani kama mama yako, wataka nilale naye. Sikilizeni kwanza, ndipo mgombane.

Mwaka wa thelathini na tatu, wachukia Wayahudi waliposhika serikali, mawakili wengi wa Kiyahudi walifukuzwa, mimi nikaachwa kwa kuwa nilipigania Ujerumani katika vita vya kwanza, vya Kaisari, nikarudi na kipande cha chuma pajani, nami mjinga nikadhani chuma kile ni hirizi. Mwaka wa thelathini na nane wakanivua joho. Kikulacho ki nguoni mwako: Rehbein, mwenzangu wa ofisi moja, alikifungua kibao cha jina langu mlangoni kwa bisibisi, huku akiniuliza, "Watoto hawajambo?" Wakatunyang'anya nyumba, wakanipeleka stesheni kupakua makaa ya mawe.

Kilichonizuia kupandishwa treni ya mashariki, ya kwenda kambi za kifo, ni mama yenu Walburga tu, kwa kuwa hakuwa Myahudi. Walimwita ofisini kwao tena na tena: mwache huyo, urudishiwe nyumba, upate na chakula cha kutosha. Mjomba wenu Ottmar naye akaja akapiga meza. "Burga, huyo ni maiti anayetembea! Unataka mfukiwe pamoja?" Mama yenu alikuwa anamenya viazi. "Maiti wangu ana haya, kaka, wewe mzima huna. Nenda zako, viazi hivi havikutoshi."

Lakini nilimwona anakonda. Jumapili moja nikaketi nikaandika hati ya talaka, nzuri kuliko zote nilizopata kuandika, na talaka ndizo zilizokuwa kazi yangu. Nikamwambia, "Tia sahihi, mke wangu, watoto wapone." Akaisoma hadi mwisho. "Julius," akasema, "ukurasa wa pili umekosea neno." Kisha akaitia motoni ikawaka, tukachemshia chai ya mnanaa. Hatukulizungumza tena.

Januari ya arobaini na tano homa ya mapafu ikamchukua. Langoni pa makaburi Ottmar akanizuia kwa mkono kifuani. "Wewe subiri nje. Usitutie balaa." Nikasimama thelujini, nikawaona nyinyi mkigeukageuka kunitafuta. Kinga yangu ilizikwa siku ile. Matanga hayajaisha, wito ukafika, nikapelekwa kambi ya wafungwa ya Theresienstadt. Mimi nilirudi. Mama yangu na dada zangu, waliotangulia kuchukuliwa, hawakurudi, wala hawana kaburi popote. Basi Anselm, mwanangu, unaposema nilale na watu wangu, nionyeshe walipolala.

Nyumba yetu ya mtaa wa Sandweg, niliyoipigania kwa kesi baada ya vita mpaka nikachoka, ni ya Lore. Usiigombanie, wewe una jua na bahari. Chukua vitabu vya sala vya babu yako, uvisome, usivipange tu rafuni. Rehbein akituma maua, mrudishieni. Ottmar ni jambo jingine. Sijamsamehe, nami sitasema uongo kitandani pa kufa, lakini nilipokuwa kambini ndiye aliyewalisha akalala njaa. Akija mazikoni, aingie, asimame anapotaka.

Nizikeni kando ya Walburga. Rabi hatakuja kule kwenye makaburi ya Kikristo. Msimlaumu, ana sheria zake, nami nazijua sheria. Sala ya wafu uisome wewe, Anselm, hata wanaume kumi wanaotakiwa na dini yetu wasipotimia. Mungu anayejua walipo dada zangu hatashindwa kutusikia tukipungua.

Nipe maji, Lore... Yatosha.

Inameni. Leteni vichwa chini ya mikono yangu, kama jioni zile za Ijumaa nilipowabariki mlipokuwa wadogo, mama yenu akisimama mlangoni asijue afanye nini na mikono yake. Msiachane wanangu. Msigombane juu ya udongo. Bwana awabariki, awalinde. Bwana awaangazie... awaangazie uso wake...

Anselm, mshike dada yako. Malizieni nyinyi. Maneno mnayajua.