Ngozi Ilikikataa: Scholastika Kasimiri, 1952–1997

Tumekuja na jeneza, si kufunika ukweli,
Ngozi ilijieleza, mkaipinga kauli.

Ndugu waombolezaji, mimi ni Paulo, mdogo wake marehemu, na kwa desturi yetu Waluguru mjomba wa watoto ndiye msemaji wa ukoo, kwa hiyo nisomayo ni kauli ya ukoo mzima, na aliye na neno la kuipinga alilete kwangu, asiwasumbue wafiwa.

Marehemu Scholastika Kasimiri alizaliwa tarehe 14 Machi 1952 hapa hapa Mgeta, akiwa mtoto wa pili wa mzee Kasimiri, ambaye ametangulia, na mama Magreth, ambaye yuko nasi. Alisoma shule ya msingi ya misheni kuanzia mwaka 1960, akaendelea na sekondari Morogoro mjini, kisha mwaka 1974 akahitimu ufundi wa maabara Dar es Salaam, na mwezi Februari 1975 akaajiriwa katika zahanati ya kiwanda cha ngozi pale Morogoro, wakati huo kikiwa mali ya umma. Tarehe 6 Mei 1978 alifunga ndoa na shemeji yetu Geofrey, mfanyakazi wa reli wa Ngerengere, wakajaliwa watoto wawili, Martina mwaka 1979 na Joyce mwaka 1983, wakaweka makazi yao Mwembesongo.

Mwaka 1993 kiwanda kiliuzwa kwa mwekezaji, na mwezi Juni 1996 mwekezaji huyo akaleta kibandiko cha kugandishwa mkononi, chenye kubadilika rangi pale hewa ya sumu inapopanda katika idara ya ngozi mbichi. Nia ilikuwa njema, hatubishi, lakini kitu kinachoshinda kimeshikana na mwili wa mtu hupimwa kwanza kama ngozi inakipokea au inakikataa, na kazi hiyo ya kupima ilikuwa ya dada yetu. Uongozi ulikuwa umekwisha kupima kwa namna yake, ukawabandika makarani migongoni, ukawakataza kuoga siku mbili, ukaona migongo mikavu haina kitu, ukatangaza kwamba kibandiko ni salama.

Scholastika aliuliza swali moja tu, nani katika idara ile anafanya kazi kwa mgongo mkavu, ilhali mikono yao haikauki maji, na wengi wao ni Waislamu wanaotawadha hadi kwenye viwiko, na maji yakishaingia chini ya plastiki ile yanachemka pamoja na gundi juu ya ngozi. Aliomba watu wa kujitolea, wakajitokeza wanne, Abuu, Luqmani, Salum na Mwanvita, akawabandika mikononi, wakaendelea na kazi na ibada zao kama kawaida, na kabla ya Ijumaa mikono yote minne ilikuwa na malengelenge. Meneja alipoitwa kuiona alisema, "Hawa wanatafuta likizo." Abuu akamjibu, "Shikamoo meneja, mgongo wangu hautawadhi, mkono ndio unaotawadha." Meneja akasema, "Basi katawadhe kwenu," akamgeukia dada yetu, "na wewe mama usiyetawadha, vaa mwenyewe kisha uje uniambie."

Akavaa. Alikuwa na kisukari tangu mwaka 1990, na meneja alikijua, kwa kuwa cheti cha hospitali kilipita mezani kwake. Shemeji Geofrey alimsihi akivue, akajibiwa, "Baba Martina, nikikivua mimi, watavalishwa wote." Aliuosha mkono wenye kibandiko kwa mpangilio ule ule wa wenzake wanaotawadha, ngozi ikachubuka, kidonda kikakataa kufunga, mwezi Machi 1997 kikaingia mfupani, na pamoja na jitihada zote za madaktari alifariki tarehe 9 Septemba 1997, saa kumi na moja alfajiri.

Jana kiwanda kilimtuma mtu na shada la maua, akatuambia kwa upole, "Wazee, someni kisukari tu, inatosha." Haitoshi. Kisukari aliishi nacho miaka saba, kibandiko hakikumpa hata miwili, na tangu Jumatatu hii idara nzima imeamriwa kukivaa. Shada liko nje ya uzio, na huko ndiko litakakokaukia.

Ukoo unawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Mwembesongo waliopika na kukesha, jumuiya ndogo ndogo, na wafanyakazi wenzake waliopanda mlima huu kwa miguu baada ya kunyimwa gari. Uongozi wa kiwanda hatuushukuru.

Dada, pumzika, umepima vya kutosha, nasi tutakusomea majibu popote tutakapoulizwa.

Ameacha mama, mume na watoto wawili. Kati ya wale wanne, watatu walipunguzwa kazini mwezi Aprili, aliyebaki kiwandani ni Abuu, amesimama pale mlangoni, na mkono wake hauna kibandiko.