Mama Anastasia, Mpokezi wa Wageni wa Stesheni

Ndugu waombolezaji, mapadri na masista wetu, wazee wa ukoo mlioshuka kutoka milimani tangu alfajiri, majirani wa sokoni na wa stesheni, familia imenituma niwasomee maisha ya mama yetu Anastasia, nami kwa kuwa ni mtoto wa dada yake, na kwa desturi yetu mtoto wa dada ni mtoto wa nyumbani, nitayasoma taratibu, ili hata watoto waliokaa huku mbele wapate kuyaelewa.

Mama Anastasia alizaliwa Mlali, chini ya milima, katika mwaka ambao haukuandikwa popote, lakini wazee wanaukadiria kuwa 1868, kwa kumlinganisha na mjomba wake, mzee Dominiko, ambaye tunaye hapa, na ambaye anakumbuka kwamba siku ya uzazi huo aliitwa kutoka machungani na kuambiwa asiingie nyumbani mpaka aruhusiwe, akashinda nje na mbuzi wake bila kula, na mpaka uzeeni alikuwa akimdai mpwa wake chakula cha siku ile. Alikuwa mtoto wa pili na wa mwisho wa mama yake, baada ya dada yake aliyenizaa mimi.

Mwaka 1884 alifika misheni ya Morogoro pamoja na mama yake, walipokuja kuuza mboga, akakaa nyuma kufundishwa, akajifunza katekisimu, kusoma na kushona, akabatizwa tarehe 24 Juni 1886, sikukuu ya Mtakatifu Yohane Mbatizaji. Mkatekista aliyemfundisha alisema kwamba msichana huyu hakuwa mwepesi wa kujibu, ila alikuwa mwepesi wa kusogea karibu na mwenzake aliyekwama, na sisi tuliozoea kufundisha watoto tunajua kwamba wa namna hiyo ni wachache darasani.

Tarehe 6 Februari 1888 alifunga ndoa na Gabrieli, seremala wa misheni, ambaye hakuwa mtu wa hapa, kwani mapadri walimkomboa utumwani akiwa mdogo, wakamlea Bagamoyo, kisha wakaja naye huku akiwa kijana, asijue kwao ni wapi wala ukoo wake ni upi. Siku aliyofika Morogoro, Gabrieli alichukua kibuyu akashuka mtoni kwa kiu, akateka maji chini ya mahali ambapo watu walikuwa wakisafisha ngozi za ng'ombe, na akina mama waliokuwa juu zaidi, penye maji safi, wakatua mitungi yao wakamwangalia, asiwepo hata mmoja wa kumwita. Aliugua tumbo muda mrefu, lakini alipomsimulia mkewe jambo hilo hakulalamikia ugonjwa, alisema tu, "Walinitazama nikiyanywa." Mama Anastasia alituhadithia habari hiyo mara nyingi tulipokuwa watoto.

Mungu aliwajalia watoto watatu, Maria aliyezaliwa mwaka 1890, Regina aliyezaliwa mwaka 1893, na Petro aliyezaliwa mwaka 1896 akafariki kwa ndui miaka miwili baadaye. Mzee Gabrieli naye alifariki kwa homa tarehe 3 Septemba 1906, akiacha nyumba, binti wawili, na karakana iliyojaa mbao ambazo hazijarandwa.

Mwaka uliofuata reli ilifika Morogoro, na pamoja nayo wakaja watu ambao mji huu haukuwahi kuwaona, vibarua kutoka bara, mafundi kutoka pwani, wafanyabiashara wa Kihindi na wake zao, wakishuka stesheni na mabunda yao, wakisimama juani bila kujua waanzie wapi. Mama yetu aliwaona siku moja akirudi sokoni, akawapita, kisha akarudi, akawauliza kama wamekunywa maji, na kama wamekunywa wameyateka wapi. Hivyo ndivyo kazi yake ilivyoanza. Aliifagia karakana ya mumewe, akazitumia zile mbao kutengenezea vitanda, na tangu siku hiyo mgeni yeyote aliyefika Morogoro bila mwenyeji alikuwa na mahali pa kulala na mtu wa kumshika mkono.

Wengi wenu mliomo humu mlipita katika karakana ile, kwa hiyo mnajua utaratibu wake. Mgeni alilala kwanza, akala, ndipo akapelekwa mtoni kuonyeshwa maji ya kunywa na maji ya kufulia, kisha nyumba kwa nyumba kuwaamkia majirani, kisha boma kuandikishwa, kwa kuwa mama alisema ni afadhali mtu apelekwe boma na jirani kuliko kuletwa na askari. Aliwafundisha Kiswahili cha sokoni na maneno machache ya Kiluguru ya kuwafurahisha akina mama wanaoteremka na mboga. Ndugu yetu Gulam, ambaye namwona pale karibu na mlango, ataniruhusu nikumbushe kwamba alipofika aliambiwa shikamoo ni salamu ya heshima, naye kwa kutaka kumheshimu kila mtu akawaamkia watoto wote wa mtaa, nao wakawa wanamvizia asubuhi njiani ili wapate kumwitikia marahaba kwa sauti nzito, mpaka mama alipowasikia akawatawanya kwa mwiko, huku yeye mwenyewe akiwa hajiwezi kwa kicheko. Sifa zake zilifika hata kwa karani wa boma, akawa anatuma mtu kumwita kila alipopata mgeni ambaye hawaelewani.

Lakini mtu hashibi salamu, na mama alilijua hilo, akaenda kwa mjomba wake Dominiko, mkuu wa ukoo, akaomba kipande cha ardhi ya ukoo kando ya mto, wageni wapate kulima mboga mpaka watakaposimama wenyewe. Mzee alikubali, kwa sharti la kawaida, kwamba kila mwaka watoe ngoto, yaani ile zawadi ya kuku na pombe ambayo mwenye kuazimwa shamba humpelekea mwenye ardhi, na wageni wasiokunywa pombe akawaruhusu watoe sukari. Kwa shamba lile familia nyingi ziliishi, na bila shamba lile karakana isingefaa kitu, kwa sababu kitanda bila chakula hakimweki mtu mjini.

Mwaka 1908 alifika Ebrahim kutoka Kachi, kule Uhindini, pamoja na mkewe Shirin na binti yao Rashida aliyekuwa bado anabebwa. Ebrahim alifungua duka dogo la nguo, Shirin akapewa matuta machache kando ya mto, na akalima vizuri, bamia, bilinganya na pilipili, kisha kwa kukumbuka kwao, na kwa kutaka kuwa na achari nyumbani kwake, akaotesha mbegu za ndimu, akapanda miche yake pembezoni mwa matuta, akaimwagilia mchana na jioni kwa furaha, asijue anafanya nini.

Ninyi wageni wa karibuni, na ninyi watoto, nawaeleza jambo ambalo wenzenu wa milimani hawana haja ya kuelezwa. Kwetu ardhi ni ya ukoo, na aliyeazimwa anaruhusiwa kupanda mahindi, maharage na mboga, vitu vinavyovunwa vikaisha, lakini mti hauishi, mti unabaki, na anayepanda mti anasema kwamba shamba hili ni langu na la watoto wangu. Miche ya Shirin ilipofika magotini, mwaka 1909, mzee Dominiko alishuka kutoka Mlali, akakusanya wanaume wa ukoo wanaolima kando ya mto, wakiwa na majembe, akasimama shambani, akamwita mpwa wake mbele ya watu. Alimwambia, "Anastasia, wageni wako tuliwapa ugali, leo wanataka na chungu." Akatangaza kwamba miche itang'olewa, familia ya Ebrahim itoke shambani siku hiyo hiyo, na mgeni asipewe tena ardhi ya ukoo, huyo wala mwingine yeyote.

Shirin alikuwa amesimama na mtoto kiunoni, hajui kosa lake, anatazama nyuso tu. Mama yetu hakumtetea kwa kusema kwamba ni miti midogo, wala kwamba ni mwanamke mgeni asiyejua, aliuliza kwanza ni nani katika wale waliokuja na majembe aliyekuwa hapiti njia ile kwenda shambani kwake. Wote walikuwa wakipita. Akasema, "Mjomba, mlipita hapa kila asubuhi, mkamtazama akipanda. Na mimi niliyemfundisha maji na salamu, hili sikumwambia, kwa kuwa nililijua mno hata nikasahau kwamba huambiwa mtu. Kama kuna wa kutoka shambani, nitoke mimi."

Wale waliomfahamu Gabrieli walielewa amesema nini, na watu wakainamisha vichwa. Shirin, alipoelezwa kosa lake, hakusubiri mwanaume ashike jembe, alimkabidhi mama mtoto, akapiga magoti, akaichimbua miche kwa mikono yake mwenyewe mmoja baada ya mwingine, mingi ikakatika mizizi, ukabaki mmoja mzima, akaukumbatia pamoja na udongo wake. Mama akamwuliza mjomba kama mti uliopandwa katika debe la mafuta ya taa unadai ardhi ya mtu. Mzee alifikiri, akazungusha macho kuwatazama wenzake, akakiri kwamba wahenga hawakuacha neno lolote kuhusu debe. Basi wageni wakabaki shambani, na mdimu wa Shirin ukaishi ndani ya debe mbele ya duka la mumewe, ukazaa ndimu ndogo, na kila mwaka gudulia la kwanza la achari lilipelekwa Mlali pamoja na sukari ya ngoto.

Tangu siku hiyo mama aliongeza somo la mti katika mafundisho yake, na akawa na mazoea ya kuwauliza wenyeji wenzake ni jambo gani jingine tunalolijua mno hata hatulisemi. Alitamani pia jambo moja, kwamba siku moja mdimu ule utolewe kwenye debe uwekwe ardhini kwa ruhusa, kwa sababu aliona mizizi imejaa na majani yameanza kuwa manjano, na aliona pia kwamba Rashida anaongea Kiluguru kuliko watoto wengine wa mjini. Alimwomba mjomba wake mwaka 1911, na mzee akamjibu kwamba achari anaila, lakini mti asiuone chini. Hakuomba tena.

Mwezi Februari mwaka huu wa 1913, alinyeshewa na mvua stesheni akisubiri gari la moshi lililochelewa huko Ngerengere, akaanza kukohoa, kikohozi kikashuka kifuani. Shirin akachukua zamu yake stesheni bila kuombwa, huku binti za mama, Maria na Regina, wakimuuguza. Daktari wa boma alimtazama, masista walimletea dawa na kukesha naye, akapata nafuu wakati wa Pasaka, kisha akazidiwa. Alipakwa mafuta matakatifu Jumapili ya Pentekoste, na jana, Jumatatu tarehe 12 Mei, baada ya saa sita mchana, alituaga, mkono wake ukiwa katika mkono wa Regina.

Kuna jambo lililotokea leo asubuhi ambalo familia imenitaka nilisome, ingawa wino wake haujakauka vizuri. Mzee Dominiko alituambia kwamba siku ya Jumamosi, akishuka kuja kumtazama mgonjwa, alipita kando ya mto akamkuta Shirin amesimama na wageni wawili waliofika karibuni, Vinod na mkewe Taramati, akiwaonyesha matuta yao, naye akasimama nyuma ya magugu kusikiliza. Alimsikia akiwaambia, "Mchicha pandeni, bamia pandeni, mti msipande, shamba hili lina wenyewe, na wenyewe wametutendea wema." Mzee alisema kwamba amekuwa mkuu wa ukoo miaka mingi na hajawahi kuisikia sheria ya babu zake ikisemwa vizuri namna ile. Hakuwahi kumwambia mpwa wake, maana alimkuta amelala, akaona amwache apumzike, na jambo hilo linamuuma.

Kwa hiyo leo, kabla jeneza halijatoka nyumbani, alikwenda dukani kwa Ebrahim akiwa na jembe begani, Shirin akaogopa, mzee akamwambia, "Binti, leta debe lako." Wakaenda mtoni, debe likapasuliwa kwa shoka kwa kuwa mizizi ilikuwa imeshikamana nalo, na shimo alilichimba mzee mwenyewe, mwenye ardhi, kwa mkono wake, Shirin akaweka mti, na Rashida akamwagilia maji aliyoyateka juu, penye maji safi.

Familia inamshukuru daktari wa boma, masista waliokesha naye, mapadri waliompa sakramenti, majirani waliopika na kuchota maji siku zote hizi, mzee Dominiko na ukoo mzima kwa shamba, ndugu Gulam na wafanyabiashara wenzake waliotoa sanda, na vibarua wa reli waliochimba kaburi kabla hatujawaomba. Karakana haitafungwa, ufunguo anao Shirin.

Mama Anastasia, pumzika kwa amani, gari la Alhamisi tutalipokea sisi.