Saa ya Dhahabu ya Nduta wa Mweiga

"Na saa yangu, iko na nani?" Hilo ndilo swali ambalo marehemu Nduta wa Ngatia, Cucu wetu, yaani nyanya yetu, aliuliza katika boma hili tarehe 18 Novemba 2006, jioni ya mazishi ya mumewe, na wazee wakaendelea kupitishiana sahani. Mimi pia ni Nduta, binti ya Munene, mwanawe wa pili, na mlinipa kazi ya kusoma historia hii kwa sababu mnasema nina mdomo, basi nivumilieni, maana leo jibu lipo.

Marehemu alizaliwa Kangema mwaka wa 1941, akasoma hadi darasa la nne, shule ikafungwa wakati wa hali ya hatari na hakurudi tena, ingawa hesabu ya maziwa hakuna aliyewahi kumshinda. Mnamo Agosti 1960 aliolewa na Ngatia, wakahamia hapa Mweiga, wakajaliwa watoto watano, kifungua mimba akiwa Anko Wambugu, na kwa ng'ombe na viazi akawasomesha wote.

Mwaka wa 1984, ukame ulipokausha malisho ya Nanyuki, mfanyabiashara wa mifugo aitwaye Yahye alifika hapa na ng'ombe waliobaki mifupa, majirani wakamfungia malango, Cucu akafungua lake, mumewe, guka wetu, akiwa kazini Mombasa, na wakakaa hapa hadi mvua ya Novemba. Akiondoka, Yahye alimpa Cucu saa ya mfukoni ya dhahabu, yenye mfuniko na mnyororo, ambayo baba yake Muse aliipata mwaka wa 1962 kwa kumpa mzungu mwenye shamba farasi wanne, mzungu huyo naye akiwa ameirithi kwa babu yake. Guka aliporudi alisema mwanamke hana koti la kuwekea saa kama hiyo, akaivaa kanisani Jumapili iliyofuata, na kuanzia hapo ikaitwa saa ya Mzee Ngatia.

Juzi Jumanne, kwenye mkutano wa matanga, Anko Wambugu, aliyeiweka tangu 2006, alitangaza kwamba itaenda kwa mwanawe Griffins Ngatia, kwa sababu saa hufuata jina la mwenyewe. Hapo ndipo Kafia, binti ya Yahye, aliyekuja kutufariji kutoka Nanyuki, alisimama.

"Hiyo saa baba yangu alipatia Nduta, si bwana yake," akasema. "Mimi nilikuwa hapo, niko na miaka sita. Angalieni ndani ya mfuniko, iko alama ya jino yangu. Niliiuma nione kama ni dhahabu."

Watu wangu, nusura nipande juu ya meza. Mfuniko ukafunguliwa, Griffins akainama, akainua kichwa akasema, "Baba, ni jino kweli." Anko akaifunga, akasema tutaongea baada ya mazishi. Lakini mazishi ya 2006 yaliisha na hatukuongea, ndiyo sababu naongea jeneza likiwa bado juu ya ardhi.

Cucu aliugua moyo tangu mwaka jana, akauguzwa huko Gatitu na mjukuu wake mkubwa, akalala Jumatatu, tarehe 9 Juni 2025, saa kumi na moja alfajiri. Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Nyeri, majirani wa Mweiga, kina mama wa kanisa, wenzake wa chama cha maziwa, na Kafia. Cucu, lala salama, swali lako limejibiwa.

Anko, sheria yako naikubali yote, saa ifuate jina. Mwenye saa ni Nduta, na Nduta wa kwanza kati ya wajukuu si mimi, ni binti yako mwenyewe, aliyemuuguza Cucu, ambaye kwa desturi yetu umemwita "mami" tangu siku uliyompa jina la mama yako. Ameketi nyuma yako. Mnyororo nauona kwenye koti lako. Tafadhali geuka, umpe mami saa yake.