Gari Refu la Shemeji

Mbele ya gereji ya Fundi Cheche, pale njia ya vumbi inapokutana na lami, kuna benchi ambalo kila anayelikalia hulisema vibaya. Ni la mabomba na mbao, lina mgongo wa kuegemea, na ni refu kwenda juu kiasi kwamba mtu mzima akikaa miguu inaning'inia kama ya mtoto aliyekalishwa mezani. Fundi alilichomelea mwenyewe kwa mabomba yaliyobaki kazini, bila kupima, na wanaolalamika huwajibu kwamba benchi ni la bure na ardhi nayo ni ya bure, mtu achague. Alasiri ile walilikalia watatu. Konda aliacha ukonda wa mabasi zamani lakini sauti yake haijapata habari. Injinia hakuwahi kuwa injinia, alikuwa mtunza stoo wa kampuni ya barabara mpaka alipostaafu. Wa tatu ni mume wa dada yake Fundi, ambaye kijiwe kizima kinamwita Shemeji, hata wasio na undugu naye. Birika, muuza kahawa, alichuchumaa pembeni na jiko lake. Na mbele yao lilisimama gari la Shemeji, limepandishwa juu, matairi wazi kama goti la mtu aliyevaa kaptura, na hakuna aliyelitazama kwa furaha.

Fundi alikuwa chini yake, miguu tu ndiyo inaonekana. Alikuwa amechoka uchovu ule wa kukosa hata hamu ya kutukana, na wanaomjua walijua hiyo ni dalili mbaya.

Gari hilo lilipandishwa kwa sababu ya mama yake Fundi. Mama alianguka akavunjika nyonga, akafanyiwa upasuaji, na kesho asubuhi hospitali inamruhusu. Amekwisha kusema kwamba anakwenda kwake. Kwa binti yake kuna ngazi mpaka ghorofa ya tatu, kwa Fundi kuna chumba kimoja nyuma ya gereji chenye harufu ya oili, na yeye ana nyumba yake na kitanda chake. Kubebwa pia amekataa. Alisema akiwa bado kalala na drip mkononi: atabebwa siku moja tu maishani, na siku hiyo hatakuwa na la kusema. Tatizo ni kwamba mvua zilizopita zilichimba korongo katikati ya njia ya kwenda kwake, na gari la kawaida likiingia mle linakaa juu ya tumbo, matairi yanazunguka hewani. Ndipo Fundi na Shemeji walipokubaliana kuliinua gari: springi ndefu mbele na nyuma, matairi makubwa, jambo limekwisha. Walilijaribu korongoni na likapita kama hakuna kitu, na siku ile wote wawili walilala usingizi mzuri.

Kisha wakaliingiza lami.

Likawa linatangatanga. Ukilinyoosha linakwenda kushoto, ukilirudisha linapitiliza kulia. Ukikata kona, usukani haurudi wenyewe, unaurudisha wewe. Asubuhi hiyo Shemeji alipishana na lori, gari likayumba mara tatu mfululizo, akasimama kando, ameshika usukani kwa mikono miwili. Fundi, aliyekuwa kiti cha pembeni, alishuka kutazama matairi. Walirudi gereji mwendo wa maiti.

Tangu hapo Fundi alikuwa amekaza kila kilichokazika, ameongeza upepo, amepunguza upepo, amebadilisha matairi ya mbele yakaenda nyuma. Kijiwe nacho kilikuwa kimefanya kazi yake.

Konda alianza na upepo. Kwa maelezo yake, gari likiwa chini upepo unalipita juu, likiwa juu linakuwa kama shuka kwenye kamba. Dawa ni mifuko minne ya simenti kwenye buti.

— Na mgonjwa nimweke wapi? akauliza Shemeji.

— Juu ya simenti. Ni laini ikiwa haijalowa.

Injinia akatikisa kichwa kwa huruma, kama mtu aliyesikia mengi stoo. Akasema upepo ni dalili, ugonjwa ni chuma. Chuma kina kumbukumbu. Gari hilo limetembea miaka kwa urefu mmoja, sasa limepandishwa ghafla, kila bolti inatafuta mahali pake pa zamani. Liachwe lisimame mwezi mzima, litasahau.

— Mama anatoka kesho, akasema Shemeji.

— Basi lisahaulishwe kidogo kidogo. Lizungushwe hapa uwanjani kinyumenyume.

Birika, ambaye kwa kawaida huongea kwa kumimina, aliweka kikombe chini na kusema kosa si la gari. Kosa ni la dereva. Shemeji kapandishwa pamoja na gari, sasa anaona mbali kuliko alivyozoea, macho yanafika kabla ya matairi, na mikono inafuata macho. Wamshushe dereva.

Neno hilo liliwaingia. Ndivyo uchovu unavyofanya watu. Konda alisema kwamba kweli, kuna dereva wake mmoja alikuwa mfupi na hakuwahi kuyumba. Injinia akaongeza kwamba huku juu hata hewa ni nyepesi zaidi. Na Shemeji, mtu mzima, baba wa watoto, aliinuka, akafungua mlango, akang'oa mto wa kiti, akaupanda ukingo wa gari akijivuta kwa mikono, akakaa juu ya vyuma vitupu na kuzunguka mtaa. Fundi ilibidi atoke chini ya gari ili lisimkanyage. Alikaa nafasi ya Shemeji kwenye benchi, akapewa kikombe, akanywa akitazama kona ambapo gari lingetokea.

Lilitokea likiyumba vilevile. Shemeji alishuka ameshika kiuno.

— Ni lilelile, akasema. Na mgongo umeondoka.

Fundi akaweka kikombe. Alikuwa na hasira, lakini ilikuwa hasira iliyochoka, iliyoegemea viwiko. Akamwita mpita njia mmoja aliyekuwa akisukuma baiskeli, akaiomba kwa dakika, akaisimamisha mbele ya benchi.

— Tazameni huu uma wa mbele. Umesimama wima?

Wakasema hapana, umelala kidogo.

— Ule mlalo ndio unaoinyoosha. Unaachia mikono na baiskeli inakwenda yenyewe. Ukiusimamisha wima itakwenda kama mlevi. Magurudumu ya mbele ya gari yana mlalo huohuo. Tumeweka springi ndefu, ekseli imezungukia chini, mlalo umepotea. Na ile fimbo inayoishika ekseli isiende pembeni ni fupi sasa, imeivuta. Nendeni mkaone, tairi la kulia limetokeza vidole viwili, la kushoto limejificha. Hakuna upepo hapo. Hakuna kumbukumbu.

Akamrudishia mwenye baiskeli na kumshukuru. Kijiwe kilikwenda kuona, kikarudi, kikapanda tena benchi kwa taabu.

— Sasa si umepata, akasema Konda. Tengeneza.

— Vinatakiwa vyuma vingine, virefu, vya kurudisha mlalo. Hapa mjini havipo, nimepiga simu kote. Nikikata hivi na kuchomelea, sitalala nikijua mama yuko humo ndani.

Hilo alilisema polepole. Cheche ana kasoro zake. Anafokea wateja, na kuna mmoja ambaye Fundi aliwahi kumrushia kofia aliyokuwa ameivaa. Lakini hajawahi kumkabidhi mtu gari bovu akamwambia ni zima. Akamgeukia Shemeji.

— Nakwambia wazi, shemeji. Hili gari sasa ni zuri kwa kupigwa picha.

— Nitakwenda taratibu, akasema Shemeji. Mwendo wa baiskeli. Taa za hatari zinawaka njia nzima.

— Na lori likija?

— Nitasimama mpaka lipite.

Fundi akafikiria malori yanayopita kwenye ile lami. Akamfikiria mama, anayekaa kiti cha mbele na kushika dashibodi hata gari likiwa limeegeshwa. Kisha akafikiria korongo. Mbele ya macho yake havikuonekana vitu vingine zaidi ya hivyo, na alikuwa anakaribia kusema haya, tutakwenda taratibu, kwa sababu mtu akichoka sana hata jambo baya huonekana kama mahali pa kukaa.

Hapo ndipo Dada, mke wa Shemeji, alipofika. Dada hapiti kijiweni. Miaka yote humtuma mtoto, au hupiga simu na kusubiri mumewe asogee mbali na kelele. Leo alikuja mwenyewe moja kwa moja kutoka wodini, begi la nguo za mama begani, viatu mkononi kwa sababu miguu imevimba. Aliwaamkia wazee. Konda na Injinia wakaitikia wakijiweka sawa, kama waliokutwa darasani wakicheza.

Alilizunguka gari, mara ya kwanza kuliona tangu lipandishwe. Akasimama kwenye mlango wa abiria. Ukingo wa mlango ulimfikia karibu na kiuno, na kiti kiko juu zaidi.

— Limekuwa refu, akasema.

— Kwa ajili ya lile korongo, mumewe akamweleza.

— Leo wamemfundisha mama kutembea na fremu, Dada akaendelea bila kugeuka. Anakwenda vizuri. Ila wamenionya mara tatu. Goti lisipande juu ya nyonga. Asikae chini sana, asipande juu sana, asijikunje, la sivyo ile nyonga itachomoka na tutaanza upya.

Akaweka kiganja juu ya ukingo wa mlango, kama anayepima urefu wa mtoto.

— Sasa niambieni. Mama atapandaje humu?

Birika alikuwa anamimina, akaacha.

Watu wale walikuwa wamepima springi, matairi, upepo, hewa ya juu na makalio ya Shemeji. Mchana huohuo walimwona Shemeji, mzima wa afya, akijivuta kwa mikono miwili kuingia kwenye gari lake. Hakuna aliyekuwa amepima mlango.

Konda alijaribu. Alisema wanaweza kumwinua, mmoja huku, mmoja huku.

— Mtamwinua na kumpitisha mlangoni bila kumkunja? akauliza Dada.

Konda akatazama kikombe chake. Injinia akasema, kwa sauti ya chini kuliko kawaida yake, kwamba gari lingeweza kuingizwa kwenye mtaro, mgonjwa akapanda akiwa ukingoni. Dada akamuuliza kama pale hospitali aliwahi kuona mtaro. Injinia hakuwahi.

Fundi alikuwa akimtazama dada yake muda wote. Alikuwa akiona mkono ule juu ya ukingo. Alilifanyia kazi gari hilo usiku na mchana, kwa jasho lake, kwa ajili ya mtu mmoja tu duniani, na mtu huyo ndiye pekee asiyeweza kuliingia. Akaona kichekesho chake. Akakosa nguvu ya kukicheka.

— Springi za zamani ziko nyuma ya mlango, akasema hatimaye. Sijazitupa. Tunalishusha leo, kesho linakwenda lami limenyooka.

— Na korongo? akauliza Shemeji.

Gari refu linafika mlangoni bila mama. Gari fupi linambeba mama, linaishia korongoni. Kwa fremu hawezi kuteremka na kupanda kingo zile. Na kubebwa amekataa.

Birika aliinamisha birika, likatoa matone mawili, akalirudisha jikoni kwa mazoea. Hakuna aliyeagiza nyingine. Dada, miguu ikimuuma, aliweka begi chini na kuomba asogezewe nafasi. Shemeji akainuka, mkewe akakaa.

Hakupanda, wala hakujishusha. Yeye ni mrefu kidogo kuliko wanaume wale, kama mama yake. Aligeuka tu, akaegemeza makalio, na akawa amekaa. Magoti yake yalikuwa chini ya nyonga. Fundi aliliona hilo kabla ya mwingine yeyote, kwa sababu alikuwa bado anatazama urefu wa kila kitu.

— Simameni, akasema.

— Nani?

— Wewe Konda. Na wewe Injinia. Dada, usiinuke.

Walishuka wakinung'unika. Fundi akapiga magoti mbele ya dada yake, akaweka utepe wa kupimia kutoka ardhini mpaka kwenye mbao, kisha kutoka ardhini mpaka gotini. Akaenda nyuma, akatikisa mgongo wa benchi. Haukutikisika. Akachungulia chini, akahesabu mahali pa kupitisha mabomba mawili marefu, yatokeze mbele na nyuma kama vishikio.

— Hili benchi linapanda juu ya keria, kwenye paa la gari, akasema. Korongoni linateremshwa. Mama anakaa hivi alivyokaa dada. Watu wanne.

— Alisema hatabebwa, Shemeji akamkumbusha.

— Hatabebwa. Atakuwa amekaa. Kinachobebwa ni benchi.

Dada alifikiria sura ya mama yake akiambiwa hivyo. Mdomo wake ukasogea kidogo upande mmoja. Alisema mama atabisha mpaka katikati ya korongo, halafu ataanza kuwaelekeza pa kukanyaga.

Wanne ni nani, hilo halikujadiliwa. Konda alianza kueleza habari za mgongo wake, akamwona Dada, akaishia katikati. Injinia aliuliza kesho ni saa ngapi. Birika alisema yeye hufunga jiko hata saa tatu kama kuna shughuli.

Shemeji akaleta jeki. Fundi akaingia tena chini ya gari na kuanza kufungua bolti alizozikaza kwa nguvu zake zote siku chache nyuma, na moja baada ya nyingine zilimgomea. Wengine walisimama barabarani na vikombe vitupu, hawajui wajiegemeze wapi. Dada peke yake alibaki amekaa, miguu imepumzika, anajaribu mgongo wa benchi kwa mabega yake.

— Limekaa vizuri sana, akasema. Nani alilipima?

Chini ya gari spana ilinyamaza.

— Hakuna, akajibu Fundi. Nipokezeni hii bolti.